Wepesi wa Mashua

Mtaa wetu wa Gasenyi, upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, una jina linalomkumbusha kila ajuaye Kirundi neno umusenyi, yaani mchanga. Lakini mchanga wa kwetu si wa ufukweni. Ni ule unaosombwa na mvua kutoka vilimani, ukaachwa mitaroni na mbele ya malango yetu. Bahari ya chumvi iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa hiyo mtoto wa Gasenyi asemapo kwamba likizo hii anakwenda pwani, maana yake ni ukingo wa Ziwa Tanganyika. Wahenga walisema kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sisi chungu wa Gasenyi hatuoni haya kuliita ziwa letu bahari, kwani kifuu chenyewe kina urefu wa kilomita zipatazo 670, na mahali penye kina kikubwa maji yake hufika mita 1,470.

Katika makala haya twapenda kuwasimulia walimu wenzetu jambo la nyumbani, nalo ni jinsi tulivyochagua mashua ya mpira, nyepesi, ya kujazwa hewa na kupachikwa injini, kwa ajili ya likizo za familia. Jambo lenyewe ni dogo, lakini lilitugharimu miezi mingi ya mabishano, na halikuanza kwa furaha.

Miaka michache iliyopita, wakati wa likizo kuu, tulikuwa tumelala kwa jamaa zetu karibu na ufuko, kusini mwa jiji. Watoto walikuwa na kijimashua cha mpira mwembamba, cha kuchezea, kilichonunuliwa dukani kwa bei ya mchezo. Asubuhi, yapata saa moja, mpwa wetu wa miaka tisa alikiingia peke yake. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta katika chupa. Tulichokisahau ni kwamba usiku kucha mpaka asubuhi upepo hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, na kwamba mtu aliyekaa nyuma ya nyumba na miti hausikii upepo huo. Tulipoinua macho kutoka kwenye vikombe vya chai, mtoto alikuwa amefika mbali kiasi cha kutoonekana uso. Hakulia wala hakupunga mkono. Alikuwa ameshika kingo mbili za kile kijimashua, ametazama huko alikokuwa akipelekwa, upande wa milima ya Kongo. Wawili kati yetu waliogelea, wakashindwa, kwa maana kitu chepesi juu ya maji huenda kwa mwendo wa upepo, wala si kwa mwendo wa mwogeleaji. Waliomwokoa ni wavuvi wawili waliokuwa wakirejea na ndagala wao wa usiku. Walimshusha mchangani, wakatupa kijimashua miguuni mwetu, na mmoja wao akatuuliza neno moja tu: "Wazee, kamba iko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo mama yetu mzazi alipiga marufuku neno mashua lisitajwe nyumbani, na mpwa wetu hakutia tena mguu majini, hata penye maji ya vifundoni.

Pengine msomaji angetarajia kwamba tungeachana na jambo hilo. Sisi tuliona kwamba mtoto anayekua karibu na ziwa kubwa namna hii hana budi kulijua, na kwamba hofu isiyokuwa na elimu haimwokoi mtu. Tukaanza kutafuta mashua ya kweli.

Swali la chombo chepesi si geni katika ziwa hili. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857, mashua yao ya chuma, Louisa, iliachwa nyuma kwa kukosa wapagazi wa kutosha. Hivyo mwaka 1858 walifika Uvira kwa mitumbwi ya kukodi kutoka Ujiji. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1874 na mashua ya mbao, Lady Alice, iliyogawanywa vipande ili ibebwe mabegani, na mwaka 1876 akalizunguka Ziwa Tanganyika nayo. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kwa njia iliyokatwa msituni na kwa mto, hadi zikaelea karibu na Kalemie ya leo. Vitabu vimehifadhi majina ya mashua hizo kuliko majina ya watu waliozibeba na kuzivuta. Tofauti ni kwamba siku hizi mpagazi ni mwenye mashua mwenyewe, na kwa hiyo hawezi kulisahau bega.

Orodha ya bidhaa tuliyoipata ilikuwa kwa Kifaransa. Ili mama aielewe, maana ruhusa ilikuwa yake, tulikaa mezani jioni tukaifasiri. Hapo ndipo kazi yetu ya ualimu ilipotiwa mtihani. Sehemu ya mbele tuliiita omo, na ya nyuma tezi. Ubao mnene wa nyuma unaoshika injini tukauita ubao wa tezi. Kile kinachozunguka majini na kukisukuma chombo ni rafadha. Chombo cha kukumbia maji ni upo. Kamba ya nanga ni amari. Maneno haya yote tulikuwa nayo katika kamusi kwa miaka mingi, na tulikuwa tumeyafundisha darasani kama mtu afundishaye majina ya matunda asiyowahi kuyaonja. Tulibishana kuhusu yale mapipa marefu ya hewa yanayoizunguka mashua: mmoja alitaka mirija, mwingine mbavu. Mpwa wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni kimya, akasema, "Ni matumbo. Yanajazwa." Hatukumsahihisha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeye kusema neno lolote juu ya mashua tangu asubuhi ile.

Orodha ilitupa mashua za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita 2.3, sakafu ya papi za mbao, na uzito wa kilo 25 hivi. Ya pili ilikuwa na mita 3, sakafu yake ikiwa ni godoro gumu la kujazwa hewa, uzito kilo 35. Ya tatu ilizidi mita 3 kidogo, sakafu ya aluminiamu, uzito kilo 60. Wengi wetu tuliikimbilia ya kwanza kwa sababu ya wepesi wake, na kaka yetu mdogo aliitaka ya tatu kwa sababu ya uimara wake.

Ili kukata shauri, tulijaza mchanga wa Gasenyi katika magunia matatu, tukayapima: kilo 25, 35 na 60. Wawili wawili tuliyabeba kutoka langoni mpaka kwenye mwembe, hatua sitini. Asubuhi magunia yote matatu yalibebeka, na kaka yetu akacheka. Shemeji yetu akashauri turudie zoezi hilo jioni, baada ya siku nzima juani, maana mashua haibebwi kwenda majini tu. Hubebwa pia kurudi, watoto wakiwa wamelala na watu wazima wakiwa na njaa. Jioni gunia la kilo 60 lilitua chini mara mbili kabla ya kuufikia mwembe. Tukajifunza kwamba uzito wa kupima ni uzito wa jioni.

Ile nyepesi kupita zote nayo ilishindwa kwa sababu nyingine. Kila mashua ya namna hii hubandikwa kibao kinachoeleza idadi ya watu na jumla ya kilo inazoruhusiwa kubeba. Kibao chake kiliruhusu watu wazima wawili na mtoto mmoja, ilhali sisi tungekuwa watano. Aidha, mashua fupi na nyepesi huinua omo mtu mzima anapokaa tezini pamoja na injini, na upepo wa mbele ukiikuta katika hali hiyo waweza kuipindua. Ikabaki ile ya kati.

Kuhusu injini, kaka yetu alitaka nguvu za farasi 15. Kibao hakikuruhusu kiasi hicho, hivyo mjadala ukaisha upesi. Injini ya nguvu 2.5 ina uzito wa kilo 13 hadi 17, na hutumia mafuta kidogo, jambo lisilo dogo kwetu, kwani tangu 2021 uhaba wa petroli umetusumbua mara kwa mara. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba ziwa letu liko mita zipatazo 770 juu ya bahari, na injini hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Injini ndogo namna ile, ikiwa na watu watano na upepo wa mbele, ingeweza kutuweka palepale. Tulichagua ya nguvu 5, yenye uzito wa kilo 25 hivi, inayobebwa peke yake kama mzigo wa pili. Tuliitaka ya mipigo minne, ingawa ile ya mipigo miwili ni nyepesi zaidi, kwa sababu ya mipigo miwili huchoma mafuta ya kulainisha pamoja na petroli na kuacha sehemu yake majini. Maji ya ziwa hilohilo ndiyo yanayosafishwa yakaletwa katika mabomba ya jiji.

Jambo la mwisho lilikuwa kitambaa. Tangu 2020 ziwa limepanda na kumeza fuko nyingi, nyua na hata nyumba za watu. Chini ya maji ambayo macho huyaona safi pana visiki, nguzo na mabaki ya kuta. Tulikataa mpira mwembamba, tukataka kitambaa kinene, na matumbo yaliyogawanywa vyumba visivyopungua vitatu, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea. Tuliagiza gundi na viraka siku ileile tulipoagiza mashua.

Mzigo ulitujia kwa lori kutoka Dar es Salaam kwa kupitia mpaka wa Kabanga na Kobero. Likizo ya Pasaka tuliupeleka Rumonge, mji ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, ambako Kiswahili husikika sana sokoni na kando ya maji. Tulikuwa tumeapa tangu zamani kwamba hatutaielekeza omo kwenye mdomo wa Mto Rusizi, kwenye viboko na mamba. Mzee mmoja mvuvi alitusaidia kuijaza kwa pampu ya mguu. Alipomaliza aliinyanyua omo kwa mkono mmoja, akaiachia, akatutazama. "Mwalimu," alisema, "chombo hiki nchi kavu kinakupenda wewe. Majini kinaupenda upepo."

Maneno hayo yamezidi yote tuliyoyasoma katika orodha. Wepesi tuliokuwa tukiununua ulikuwa wa mabega yetu peke yake. Mtumbwi mzito hulishika ziwa kwa uzito wake. Mashua ya mpira haina uzito huo, na ni lazima mwenyewe aulipe kwa njia nyingine. Sisi tunaulipa kwa majaketi ya kujiokolea, ambayo huvaliwa mchangani kabla ya kupanda. Kwa makasia mawili na nanga yenye amari ndefu, hata kama injini ni mpya. Kwa kamba fupi ya kuzimia injini, iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono cha mshika usukani. Na kwa desturi ya kuanza safari tukikabili upepo, ili turudipo utusukume nyumbani. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wa mwambao wangeuita kusi, huvuma kwa urefu wa ziwa na kuinua mawimbi makubwa upande wetu wa kaskazini. Siku za namna hiyo mashua hukaa ndani ya mfuko wake.

Mama alikuja Rumonge akiwa na kiti chake, akakiweka mbali na maji. Mpwa wetu alikaa karibu naye muda mrefu. Kisha aliinuka, akaizunguka mashua, akaigusa sehemu moja baada ya nyingine na kuzitaja kwa sauti ndogo: omo, matumbo, tezi, rafadha. Alipofika kwenye pete ya mbele alisimama. Kamba ilikuwamo, mita thelathini, imekunjwa vizuri. Alifunga ncha moja kwenye pete, akalivuta fundo mara mbili, akaipeleka ncha ya pili kwa bibi yake.

Mama aliizungusha kamba mkononi. Mtoto akavaa jaketi, akaingia.