Kabla hamjauza kiwanja, someni sifa za kujiunga

Mnunuzi alikuwa amekwishaleta Sh500,000 ya kushikia kiwanja. Kilichobaki ni kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishana.

Kiwanja chenyewe kipo Kihonda, Morogoro. Mwalimu mstaafu wa hisabati na mkewe walikilipia kidogo kidogo kwa miaka, baba kwa mshahara, mama kwa maandazi na biashara ya vitenge. Kilikuwa akiba yao ya uzeeni. Lakini kijana wao wa pili, fundi wa mitandao ya kompyuta jijini Dar es Salaam, alikuwa amesema kwenye simu kwamba anatamani kusoma shahada ya uzamili ya usalama wa kompyuta na mitandao. Mzee hakusubiri maelezo zaidi. Jioni hiyo hiyo kijiweni walishajua kuwa mwanawe "anakwenda kuchukua masta."

Mama naye aliunga mkono, kwa sababu yake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla alipokea ule ujumbe ambao karibu kila mwenye simu ameupata: ile hela itume kwenye namba hii. Siku hiyo kweli alikuwa na deni la kumlipa muuza vitenge wa jumla. Alituma Sh80,000, na hazikurudi. Mtoto anayetaka kusomea kupambana na watu wa namba hiyo, alisema, asaidiwe.

Jumamosi moja kijana alikuja nyumbani na karatasi aliyochapisha, yenye sifa za kujiunga za chuo alichokilenga. Baada ya chakula mama alivaa miwani na kuanza kusoma kwa sauti.

Shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa kompyuta au fani inayokaribiana nazo. "Unayo," alisema mzee. Nakala za vyeti zilizothibitishwa na transkripti ya matokeo. "Zipo." Barua mbili za mapendekezo, angalau moja kutoka kwa mhadhiri aliyemfundisha. Wasifu wa kazi. Maelezo mafupi ya anachotaka kukitafiti, maana mwisho wa masomo kuna tasnifu. Risiti ya ada ya maombi.

"GPA isiyopungua 2.7," mama alisoma, kisha akashusha miwani. "Wewe unayo ngapi, baba?"

Kijana alitazama sahani yake. "Nina 2.6, mama."

Kwa mzazi asiyezijua namba hizi, katika vyuo vikuu vya Tanzania alama ya juu kabisa ni 5.0. Daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu 3.5, na daraja la pili la chini 2.7. Mwenye 2.0 hadi 2.6 amefaulu na shahada yake ni halali, lakini mlango wa uzamili kwa kawaida huanzia daraja la pili. Kijana alikuwa nje ya mlango kwa nukta moja.

"Ulituambia umefaulu vizuri," alisema mzee.

"Nilisema nimefaulu, baba. Hilo la vizuri mlilisema ninyi, mimi nikanyamaza."

Ndipo mengine yakatoka. Mwaka wa pili alikuwa akitengeneza simu usiku, fedha zikipungua kidogo anatuma nyumbani. Mama alizikumbuka fedha hizo, maana ndizo zilizonunua dawa zake mwaka ule. Hakuwa amejua kwamba muhula huohuo mwanawe alipata sapu katika somo la hisabati za kompyuta, na masomo mengine mawili akapita kwa alama za chini.

Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akachukua simu. Alikuwa na rafiki ambaye mpwa wake "anajuana na watu wa mifumo." Mazungumzo hayakuchukua dakika tano. Kwa Sh300,000, alisema rafiki, ile sita ingegeuzwa kuwa nane na hakuna ambaye angejua.

Mzee alipokata simu na kueleza, kijana alisimama.

"Baba, mimi ninakwenda kusomea namna ya kuwakamata watu wanaoingia kwenye mifumo kubadilisha namba. Niingie darasani kwa namba iliyobadilishwa?"

Hakuna aliyejibu. Mama aliinuka kuondoa vyombo.

Chai ya jioni ndiyo iliyowarudisha mezani. Mama ndiye aliyeuliza: kazi yenyewe ni ya kompyuta, hisabati inatafuta nini? Kijana alichukua kalamu na kuandika nyuma ya ile karatasi: 61 mara 53. Jibu, 3,233. "Kuzidisha ni rahisi," alisema. "Sasa mpe mtu 3,233 peke yake, mwambie atafute namba mbili zilizoizaa."

Mwalimu mstaafu aliivuta karatasi. Alijaribu 3, akajaribu 7, 11, 13. Chai ikapoa. Kijana alimweleza kwamba mbinu iitwayo RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, inasimama juu ya ugumu huohuo, isipokuwa namba zinazotumika leo zina tarakimu zaidi ya 600. Mbinu za namna hiyo ndizo zinazolinda mawasiliano ya benki na ya tovuti nyingi. Asiyeielewa hesabu hiyo anaweza kutumia kufuli, lakini hawezi kujua kama ni bovu.

Basi sifa zile zinapotaka hisabati, programu, mifumo endeshi na mitandao, zinapima kama mwanafunzi ataweza kufuata somo. Na sheria inaingia pia. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtaalamu anayejaribu ulinzi wa mfumo wa mtu bila ruhusa ni mhalifu kama mwingine, hata kama nia yake ni njema.

Jumatatu kijana alipiga simu ofisi ya udahili na kuuliza waziwazi: mwenye 2.6 afanyeje? Alijibiwa kuwa ipo njia. Asome kwanza stashahada ya uzamili katika fani hiyo, afikishe GPA ya 3.0, kisha aombe upya. Aliuliza pia kuhusu vyeti vya ufundi wa mitandao alivyopata kazini. Vinasaidia kuonyesha uzoefu, aliambiwa, lakini havifuti matokeo ya shahada ya kwanza.

Fedha za mnunuzi zilirudishwa, pamoja na maneno machache ya kuombana radhi. Kijana anasoma stashahada jioni baada ya kazi, ada analipa mwenyewe kwa awamu, na mama humwongezea akivunja kikoba. Bado hajapata nafasi ya uzamili, na huenda asiipate mwaka ujao. Hisabati anairudia tangu mwanzo, safari hii akiwa na mwalimu upande wa pili wa simu kila Jumapili.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ametaja masomo haya, mambo ni machache. Iombeni karatasi ya sifa kutoka chuo chenyewe, isiwe ya mtu wa kati. Hakikisheni programu imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na kama shahada ya kwanza ilipatikana nje ya nchi, ulizeni mapema utaratibu wa kuitambua. Muulizeni kijana GPA yake kabla ya kuulizana nani atalipa ada, na muulizeni kwa sauti ambayo hatalazimika kuidanganya.

Ile karatasi ingalipo Morogoro, imebanwa ndani ya daftari la zamani la maandalio ya masomo. Nyuma yake pana mistari mingi iliyokatwa kwa kalamu, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mwalimu, 53 na 61 zimezungushiwa duara. Ilimchukua hadi saa nne usiku, na alikataa kusaidiwa.