Gari la Gesi na Viti Vinane

Kila tunapokutana na wenzetu wa vyama vya Kiswahili vya vyuo vingine, salamu hazijaisha vizuri tunaulizwa: lile gari lenu la gesi, linaokoa pesa kweli au ni maneno tu? Mhariri ametuomba tujibu mara moja kwa maandishi. Sisi ni wanne tuliokabidhiwa gari la chama hapa Leicester. Wawili tunaendesha, mmoja anashika daftari la hesabu, na mmoja anasoma uhandisi, kwa hiyo ndiye aliyebishana na mafundi. Tunaandika kwa sauti moja kwa sababu pesa zilikuwa za watu wengi na uamuzi haukuwa wa mtu mmoja.

Gari lenyewe ni Toyota Alphard ya mwaka 2006, injini ya V6 ya lita 3.0, viti vinane pamoja na cha dereva. Lilitumika kwanza Japani ndipo likaletwa Uingereza, kama yanavyokuja mengi ya Dar es Salaam na Mombasa. Nyumbani ukishuka kwenye Alphard watu hukupisha njia. Hapa ni punda wa kazi. Septemba linapokea wanafunzi wapya uwanja wa ndege na masanduku yao. Jumamosi linawachukua watoto wa darasa la Kiswahili. Linakwenda harusini. Na zaidi ya yote linakwenda misibani, maana kwetu mtu akifiwa, ujumbe wa simu hautoshi. Anataka kukuona umekaa naye.

Hilo la misiba ndilo lililotusukuma. Injini ile inakunywa. Kwenye safari zetu ilikwenda wastani wa maili 20 kwa galoni, yaani lita 22.7 kwa kila maili 100. Petroli ilipokuwa peni 145 kwa lita, maili 100 ziligharimu pauni 33. Kutoka kwetu hadi Glasgow na kurudi ni maili 600 hivi: pauni 198. Majira ya baridi moja ilitokea misiba miwili, mmoja Glasgow na mwingine Cardiff, na mara zote mbili chama kilituma rambirambi kwa benki kwa sababu kapu lilikuwa tupu. Wafiwa hawakulalamika. Lakini kwenye mkutano uliofuata mwenzetu mmoja aliuliza kama chama kisichoweza kwenda kuzika bado ni chama, na ukumbi ukanyamaza.

Mapendekezo yalikuwa matatu. La kwanza, tuuze gari, kila mtu ajitafutie treni. La pili, tununue gari la umeme. Likaanguka lenyewe tulipoona bei ya gari la umeme lenye viti saba au vinane. La tatu, lililoletwa na mhandisi wetu, ni kulifungia gari tulilo nalo mfumo wa gesi.

Hapa tueleze, maana wengi huchanganya. Mjomba wa mmoja wetu aliposikia habari hii kwa simu alisema, "Hata huku Dar bajaji na teksi zimeanza." Kweli, lakini ile ni gesi asilia, inayotoka chini ya ardhi Songosongo na Mtwara. Ili itoshe ndani ya gari hubanwa hadi takriban mara 200 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Ya kwetu ni LPG, ndugu ya ile ya mtungi wa jikoni: propeni na buteni. Hiyo hugeuka maji kwa mgandamizo mdogo tu, kwa hiyo tangi lake halihitaji unene wa lile la gesi asilia. Hapa Uingereza huwa ni propeni kwa wingi, kwa kuwa buteni hugoma kugeuka mvuke baridi inapokaribia sifuri, na propeni huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri.

Gari halipotezi petroli yake. Tangi la zamani linabaki, la gesi linaongezwa. Letu lina umbo la andazi lenye tundu na limekaa chini, mahali pa tairi la akiba. Gesi inatoka humo ikiwa maji, inapita kwenye bomba hadi mbele, inafika kwenye kifaa kinachopashwa moto na maji ya injini, inakuwa mvuke, kisha nozeli zake zinaipuliza ndani ya injini, silinda moja baada ya nyingine. Ndiyo maana gari huwaka kwa petroli kwanza na kuhamia gesi lenyewe maji yakishapata moto. Kwenye dashibodi kuna swichi ndogo. Gesi ikiisha njiani, linarudi kwenye petroli na abiria waliolala hawajui.

Lita moja ya gesi ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli, kwa hiyo gari hunywa zaidi, kwetu kama asilimia 20. Unafuu unatoka kwenye bei, na bei inatoka kwenye kodi. Machi 2022 serikali iliweka ushuru wa petroli kuwa peni 52.95 kwa lita, na wa gesi ya magari peni 28.88 kwa kilo. Lita ya gesi ina uzito wa kama nusu kilo, basi piga hesabu mwenyewe. Tulipokuwa tunaamua, gesi ilikuwa peni 85 kwa lita. Maili 100 zingegharimu pauni 23 badala ya 33. Ukitoa petroli ya kuwashia na gharama ndogo ndogo, tunabaki na pauni 9. Kufunga mfumo kwenye injini ya silinda sita tuliambiwa pauni 1,800. Maana yake, gari lisipotembea maili 20,000, pesa hazijarudi.

Mkutano ulikubali, isipokuwa mtu mmoja. Shangazi ndiye anayefundisha darasa la Jumamosi, na bila Shangazi hakuna darasa. Alisubiri wote tumalize kusema ndipo akauliza, "Wanangu, mnataka kuwapakia watoto wa watu juu ya mtungi wa gesi?"

Hatukumjibu kwa maneno. Tulimpeleka gereji. Fundi, mtu mzima mwenye subira, alimwonyesha tangi lililokatwa katikati: chuma kinene, valvu inayofunga yenyewe tangi likifika asilimia 80, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka jua likiwaka, valvu nyingine ya umeme inayofunga injini ikizimwa, na ya tatu inayoachia gesi nje kidogo kidogo mgandamizo ukipita kiasi, ili tangi lisipasuke. Alimwambia pia lile ambalo wauzaji wengi hulipita haraka: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa chini na kujikusanya mashimoni, ndiyo maana baadhi ya maegesho ya chini ya ardhi yanayakataa magari haya. Imetiwa harufu makusudi. Ukiisikia, zima injini, shusha watu, fungua milango, usiwashe kitu.

Shangazi aliuliza maswali zaidi yetu sote. Kisha akasema jambo ambalo halikumo kwenye hesabu zetu: "Haya, mtungi nimeuelewa. Lakini Glasgow mngekwenda watu wangapi?" Tukamwambia watatu. "Basi hata mkitia maji ya bomba, gari la watu wanane likibeba watatu litawafilisi."

Usiku ule tulirudi kwenye daftari. Glasgow kwa petroli, watu watatu: pauni 66 kila mmoja. Glasgow kwa petroli ileile, watu wanane: karibu pauni 25. Glasgow kwa gesi, watu wanane: kama pauni 17. Gesi inapunguza gharama ya safari kwa karibu theluthi moja. Viti vilivyojaa vinapunguza mzigo wa kila mtu kwa zaidi ya nusu kabla hujagusa bomba hata moja. Tulikuwa tumeitazama injini tu, na Shangazi alikuwa ameutazama mkeka wa wasafiri.

Kwa hiyo mkutano ulipitisha mambo mawili pamoja, na moja halikubaliwi bila jingine. Gari lifungwe gesi. Na gari lisitoke kwa safari ndefu likiwa na watu chini ya sita, ila kwa dharura. Viti vikibaki tunapiga simu Nottingham, Coventry na Birmingham kuuliza nani anakwenda. Pesa za kufunga zilitoka kwa watu 18, pauni 100 kila mmoja, mkopo usio na riba. Njiani tunachangia kana kwamba bado tunatumia petroli, na tofauti inayobaki inalipa deni. Tuliwauliza kwanza watu wa bima, nao walitueleza kuwa abiria kuchangia gharama za safari si tatizo mradi hakuna faida inayotafutwa na gari halijawa teksi.

Kwa mwenzetu anayetaka kufuata njia hii, yapo mambo ya kujua kabla hujamlipa fundi.

Mfungaji awe kwenye orodha ya mafundi walioidhinishwa, na akupe cheti. Bima watakitaka, na mnunuzi wa kesho atakitaka. Kisha uwaarifu DVLA kwamba mafuta ya gari yamebadilika, na uwaarifu bima pia, hata kama hawakuuliza.

Uliza habari za injini yako. Gesi huungua bila unyevunyevu wa petroli, na kwenye injini nyingine viti vya valvu za kutolea moshi hulika mapema. Fundi alitushauri tukaguliwe nafasi za valvu kila mara, na tukafunga kichupa cha dawa ya kuvilainisha. Hizo ndizo gharama ndogo ndogo tulizozitaja.

Tazama ramani kabla ya safari. Sheli zenye pampu ya gesi si nyingi, na zinapungua. Tangi letu ni la lita 70, ambazo kwa ile asilimia 80 ni lita 56, zinazotupeleka maili 200 hivi. Glasgow hatufiki bila kujaza njiani. Wakati wa kujaza vaa glavu, maana kinachobaki kwenye mdomo wa pampu hutoka na baridi ya kuunguza. Na usije ukajaribu kujaza kutoka mtungi wa jikoni: ni hatari, tena gesi ile haikulipiwa ushuru wa barabara.

Usidhani gesi ni pasi ya kuingilia London. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ limeenea mitaa yote ya London, na gari lisilotimiza masharti hulipa pauni 12.50 kwa siku. La petroli linapimwa kwa kiwango cha Euro 4, na kufunga gesi peke yake hakulipandishi daraja. Ingiza namba yako uhakikishe. Yaliyotoka Japani wakati mwingine hudaiwa hati za ziada. Kadhalika, treni ya magari ya chini ya bahari kwenda Ufaransa haipakii magari ya LPG. Tulipoalikwa Uholanzi tulipanda meli, tukiwa tumewajulisha mapema. Huko tulikuta pampu zenye mdomo uleule wa Uingereza.

Na kama safari zako ni za dukani tu, acha. Maili mbili za Januari zinaisha maji ya injini hayajapata moto, na gari limechoma petroli mwanzo hadi mwisho.

Sasa jibu. Katika miezi 14 gari limetembea maili 14,000, na 12,000 kati ya hizo ni za gesi. Akiba ni pauni 1,080. Watu kumi wamerudishiwa pauni 100 zao, tukianza na waliokuwa wanamaliza masomo na kuondoka nchini. Pauni 80 zimo kapuni. Wamebaki wanane, na Shangazi, mmoja wao, amesema alipwe wa mwisho. Serikali ikipandisha ushuru wa gesi, au sheli mbili tunazozitegemea zikiondoa pampu, hesabu itageuka, na wanane hao wanalijua hilo kwa sababu tunawasomea daftari kila mwezi.

Gesi inaokoa pesa, basi, kwa gari kubwa linalokwenda mbali mara nyingi. Lakini tangu ilipowekwa, chama kimekwenda misibani mara tatu, na mara zote tatu hapakuwa na kiti kitupu. Cardiff tulifika alfajiri, watu wanane, na wenye msiba wakatuandalia chai kabla hatujavua makoti. Hilo lilitokana na kupiga simu Coventry zaidi ya lilivyotokana na tangi.

Daftari liko wazi. Anayetaka kuliona aje Jumamosi baada ya darasa la watoto, na kama anakwenda Manchester mwisho wa mwezi, ajiandikishe mapema. Vimebaki viti viwili.