Kikombe cha Chai na Kipimo cha Damu

Ndugu msomaji, kosa ninalotaka kukusimulia leo ni langu mwenyewe, wala simsingizii daktari.

Mama yangu alifika Dar es Salaam kutoka kijijini akilalamika uchovu. Asubuhi ya pili nikampeleka hospitali. Kabla hatujaondoka, mke wangu, kwa heshima aliyofunzwa kwao, hakukubali mkwewe atoke nyumbani na tumbo tupu. Akampa kikombe cha chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Tulipofika, muuguzi akamwuliza, "Mama, umekula?" Mama akajibu, "Sijala, mwanangu." Hakusema uongo. Kwake yeye chai hunywewa; kinacholiwa ni ugali, muhogo na ndizi. Nami nilikuwa nimeketi kando yake, chai ile niliiona, nikanyamaza.

Majibu yakatoka: sukari 8.6. Kwa mtu aliyefunga usiku kucha, kipimo cha 7.0 na kuendelea huashiria kisukari. Kwa mtu aliyetoka kunywa chai tamu, 8.6 yaweza kuonekana hata akiwa mzima. Daktari alituonya, lakini kwa kuwa mama hakuwa na kiu isiyokwisha wala haja ndogo ya mara kwa mara, alisema hatathibitisha ugonjwa kwa kipimo kimoja. Turudi baada ya wiki.

Wiki hiyo nyumba yetu ilikuwa kama ya msiba. Mama alikaa kimya, akala kidogo, na usiku mmoja akaniita kunieleza shamba lake la migomba ligawanywe vipi.

Siku ya marudio tulimkuta mtaalamu wa maabara, mzee mwenye miwani. Yeye hakuuliza kama mama amekula. Aliuliza, "Tangu jana usiku, nini kimepita kinywani mwako?" Mama akasema, "Leo maji matupu. Ile siku ya kwanza ilikuwa chai." Mzee akageuka akanitazama mimi. Kipimo kikasoma 5.2. Ndipo daktari alipoutafuta uchovu ule mahali pengine, akakuta upungufu wa damu. Tulikuwa tumepoteza wiki nzima.

Mzee yule alinifundisha kwamba kipimo cha damu huanzia nyumbani, si kwenye mashine. Kipimo cha sukari cha kufunga chataka saa nane au zaidi bila chochote isipokuwa maji. Mtu aliyemenya chungwa au embe, kisha akatobolewa kidole bila kunawa, huenda ikapimwa sukari ya tunda. Damu ikiachwa mezani bila kutunzwa ipasavyo, chembe zake huendelea kuila sukari, nayo hupungua kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kwa hiyo mgonjwa wa kweli aweza kuonekana mzima. Damu ikivutwa kwa nguvu au ikitikiswa sana, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu, na mtu mwenye afya akaonekana yu hatarini. Hata mpira unaofungwa mkononi, ukikaa zaidi ya dakika moja, waweza kubadili baadhi ya majibu.

Vivyo hivyo malaria. Vipo vipimo vya haraka vinavyotafuta protini ya vimelea, na protini hiyo yaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Asiyesema kwamba alitumia dawa majuzi aweza kupewa dawa tena bila sababu, na homa inayomsumbua ikaachwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapompeleka mzazi au mtoto kupimwa, uliza tangu jana yake kama anatakiwa kufunga. Taja dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba. Hakikisha jina lililoandikwa kwenye chupa ya damu ni lake, maana akina Fatuma na Juma ni wengi katika foleni moja. Na jibu likikushangaza, omba kwa adabu kipimo kirudiwe.

Zaidi ya yote, usikae kando ya mgonjwa wako kama abiria. Ukisikia jibu lisilokamilika, likamilishe. Mama amekwisha kurudi kijijini, na kila akinisalimu huuliza kwa kicheko kama siku hizi chai ni chakula. Mimi humjibu kwamba kwa bwana maabara, naam, ni chakula.