Safari ya Pikipiki Katika Bonde la Ufa Wakati wa Sikukuu

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ufikapo, barabara itokayo Nairobi kwenda Nakuru hujaa watu waendao makwao. Karani amefunga ofisi, mfanyakazi amepewa ruhusa, na watoto wamekwisha kufunga shule. Mabasi, matatu, malori na magari madogo yote hufuata njia ile ile, kwa kuwa mtu aendaye Kericho, Kisumu, Eldoret au Uganda aghalabu hupitia Nakuru. Katika msafara huo wamo pia wapanda pikipiki, na hesabu yao imeongezeka sana tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki zenye injini ndogo.

Mwenye pikipiki hujiona kuwa na bahati. Magari yanaposimama foleni huko Naivasha, Gilgil au Kikopey, yeye aweza kupenya katikati yake na kwenda zake. Lakini wepesi huo huo ndio unaomwingiza hatarini, na anayetaka kufika salama hana budi kuijua vema nchi anayopita.

Bonde la Ufa halikumkubali mgeni kwa urahisi tangu zamani. Reli ilipofika ukingoni mwa bonde hilo, wahandisi walilazimika kwa muda kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipokwisha kujengwa. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika Kisumu. Barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu, ilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na wafungwa Waitaliano waliotekwa vitani. Kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali limesimama kando ya mteremko, nao wasafiri husimama hapo kupumzika na kutazama mlima wa Longonot. Barabara ya juu hupitia Kimende na Kinungi, mahali pa kabichi, karoti na viazi, kisha zote mbili hukutana karibu na Naivasha.

Jambo la kwanza la kujifunza katika miteremko hiyo ni matumizi ya breki. Breki husimamisha gurudumu kwa msuguano, na msuguano huleta moto. Dereva akikanyaga breki mfululizo kutoka juu mpaka chini, hupata moto mno na nguvu zake hupungua, hata chombo kikakataa kusimama. Kanuni ya zamani ya madereva ni hii: mlima uteremkwe kwa gia ile ile ambayo ingetumiwa kuupanda. Gia ndogo huifanya injini yenyewe kuzuia mwendo, na breki zikabaki baridi, tayari kwa wakati wa shida. Mwenye pikipiki na apunguze mwendo kabla ya kuingia konani, wala si akiwa tayari amelala upande. Tena akisikia harufu ya breki zinazoungua kutoka kwa lori lililo nyuma yake, na aliondokee mapema, kwa maana lori hilo laweza kuwa halisimamiki tena.

Hilo si neno la kutisha watu bure. Tarehe 31 Desemba 2017, huko Migaa, katika mteremko wa Salgaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakapoteza maisha yao. Baadaye ukuta wa zege ulijengwa katikati ya barabara sehemu hiyo, ili magari yaendayo na yajayo yasikutane. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililoshindwa kusimama liliwaangukia wachuuzi, abiria na wapanda pikipiki waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wengi wao hawakuwa safarini. Walikuwa wakitafuta riziki yao tu.

Hali ya hewa nayo ina mambo yake. Asubuhi ukungu hufunika Kimende na Mau Summit, na mtu aliyetoka Nairobi kwa shati jepesi hutetemeka hata vidole visishike breki sawasawa. Wauzao kofia na makoti ya ngozi ya kondoo ukingoni mwa bonde wanajua biashara yao. Chini kwenye tambarare kuna upepo, na lori kubwa linapopita hulivuta pikipiki kisha hulisukuma. Karibu na Naivasha na Elmenteita pundamilia huweza kuvuka barabara, na nyani hukaa kandokando wakingoja ndizi za wasafiri.

Hata hivyo, katika sikukuu hatari kubwa haitoki kwa mnyama wala kwa ukungu, bali kwa watu waliokosa subira. Foleni ikikaa saa nzima, dereva mmoja huuacha mstari wake, wa pili humfuata, na punde barabara ya mistari miwili imekuwa ya minne, wote wakielekea upande mmoja. Hapo wanaokuja hawana njia, na msongamano uliokuwa wa saa moja hulala mpaka alfajiri. Mwenye pikipiki apenyaye katikati ya vurugu hiyo haonekani na yeyote. Mlango wa matatu ukifunguliwa ghafula, au gari likigeuka bila ishara, yeye ndiye atakayeanguka. Mwezi wa Novemba 2025 kazi ya kuipanua barabara hiyo kutoka Rironi mpaka Mau Summit ilizinduliwa, lakini upana wa barabara hauwezi kuwa dawa ya pupa.

Dawa iliyo bora ni kuchagua siku na kuchagua njia. Aondokaye siku tatu kabla ya Krismasi, kunapopambazuka, hukuta barabara nyingine kabisa na ile ya mkesha. Naye akifika Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, ana njia nyingi za kuiacha barabara kuu. Iko ile ya Bahati, iteremkayo katika bonde la Subukia na kupanda tena mpaka Nyahururu, penye maporomoko ya maji ya mita 74 hivi. Iko ya Njoro, penye Chuo cha Egerton kilichoanza mwaka 1939 kufundisha kilimo, mpaka mashamba ya ngano ya Mau Narok. Tena iko ya Mogotio, ivukayo ikweta na kwenda Marigat, ikapanda Kabarnet, ikashuka mto Kerio, kisha ikapanda kwa kona nyingi kupitia Tambach mpaka Iten. Aendaye Eldoret kwa njia hii huchelewa, lakini huiona nchi ambayo mwenzake aliyefungwa foleni hataiona.

Sheria ya Kenya yamtaka mpanda pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu na koti la kung'aa, na abiria asiwe zaidi ya mmoja. Wako wamchukuao mke na watoto wawili pamoja na jogoo wa sikukuu juu ya pikipiki moja, wakisema ni mwendo mfupi. Miteremko ya Bonde la Ufa haiulizi safari ni fupi au ndefu. Mzazi aliyeko nyumbani akingoja mwanawe hatauliza alitumia saa ngapi njiani. Atafurahi kumwona akiingia uani kwa miguu yake, hata kama chakula kimekwisha kupoa. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.