Namba ya Bwana Harusi

Wiki tatu sijaandika, na mnajua sababu. Ramadhani ya fundi wa nguo haina usiku wala mchana. Kila mtu anataka nguo yake ya Idi, na kila aliyeposwa Rajabu anataka shela lake liwe tayari Mfunguo Mosi.

Katika hao yupo mmoja, jina lake nalihifadhi. Alikuja na shangazi yake kujaribu shela mara ya pili. Nilikuwa nimepiga magoti na pini mdomoni, napima pindo, akaniambia: "Dada fundi, usikate bado. Tarehe inaweza kusogea."

Nikatoa pini. Tarehe isogee, na ukumbi umeshalipiwa kishika nafasi?

Mchumba wake ni kijana wa kwetu aliyekulia Ohio, Marekani. Ni rubani msaidizi katika shirika la ndege la huko, na shirika hilo linaunganishwa na jengine. "Anasema hajui namba yake itakuwa ngapi," akasema bibi harusi, na macho yamemlenga.

"Namba ya nini, ya nyumba?" Shangazi akauliza. Tukacheka, lakini yule mtoto hakucheka.

Akampigia simu pale pale, akaweka spika. Kijana ana adabu, alitusalimia sote, shikamoo kwa shangazi kwanza, halafu akatueleza taratibu. Marekani marubani wa shirika moja wote wako katika orodha moja, tangu aliyeajiriwa kwanza mpaka aliyeajiriwa jana. Namba yako katika orodha hiyo ndiyo maisha yako. Ndiyo inayoamua utarusha ndege gani, utakuwa kapteni lini, utafanyia kazi mji gani, Idi utakuwa nyumbani au hotelini. Kazi ikipungua, wanaorudishwa nyumbani huanzia chini ya orodha kwenda juu. Na ukihama shirika, hata kama umerusha miaka 20, unaanza chini kabisa, nyuma ya kijana aliyeingia wiki iliyopita. Kwa hiyo rubani hahamihami kama fundi.

Sasa mashirika mawili yakiungana kuna orodha mbili, na lazima iwe moja. Nani akae juu ya nani? Hapo ndipo watu wanapokosa usingizi.

"Mimi ni wa shirika dogo," akasema. "Wakituweka chini sote, nitakuwa wa kusubiri kuitwa. Simu ikilia naondoka, hata kama ni fungate."

Shangazi akauliza lile swali lililonikaa rohoni mpaka leo: "Na mtoto wetu utamwacha na nani?"

Usiku ule, nikisubiri daku, sikushika charahani. Nilishika simu nikasoma. Nilitaka kujua kama kijana anatafuta udhuru. Wapenzi wangu, hatafuti.

Mwaka 2001 American Airlines ilinunua TWA, shirika la zamani lililokuwa na makao St. Louis na lililokuwa limefilisika. Marubani wengi wa TWA waliwekwa chini ya orodha ya American. Lakini lililoniuma zaidi ni la wahudumu wa ndani ya ndege, ambao wengi wao walikuwa wanawake. Wao waliwekwa chini wote. Mama aliyeanza kazi miaka 30 nyuma, aliyehudumia abiria tangu ujana wake, akawa nyuma ya msichana aliyemaliza mafunzo juzi. Mwaka ule ule, baada ya Septemba 11, safari zikapungua, watu wakaanza kurudishwa nyumbani kuanzia chini. Kufika katikati ya 2003 wale wahudumu wa TWA karibu wote walikuwa nje. Kelele zao ndizo zilizofanya maseneta wawili wa Missouri, McCaskill na Bond, wapitishe sheria mwishoni mwa 2007 kwamba mashirika yakiungana, orodha ziunganishwe kwa haki, na wasipokubaliana waende kwa msuluhishi.

Na hata msuluhishi si dawa ya kila kitu. US Airways na America West waliungana 2005. Wa US Airways walikuwa wakongwe, lakini wengi wao walikuwa wameshasimamishwa kazi. Wa America West walikuwa na miaka michache, lakini kazi zao zilikuwepo. Msuluhishi, George Nicolau, alitoa hukumu 2007: wakongwe mia tano hivi wa US Airways wakae juu, waliokuwa wamesimamishwa wakae chini, na wa katikati wachanganywe kwa uwiano. Wakongwe walikataa. Mtu mwenye miaka 17 alikuta amewekwa karibu na kijana wa miezi. Walikasirika mpaka wakakiondoa chama chao cha wafanyakazi na kuunda kipya 2008. Miaka ikapita, jina la shirika moja, rangi ya ndege moja, lakini rubani wa upande huu haruki na wa upande ule. Orodha ya mwisho ilipatikana 2016, na hapo US Airways yenyewe ilikuwa imeshaungana na American.

Kapteni Sullenberger, yule aliyeitua ndege juu ya Mto Hudson Januari 2009 na watu wote 155 wakasalimika, alikuwa wa upande wa wakongwe hao. Mwezi uliofuata aliitwa bungeni kwao, na badala ya kujisifu akawaambia kwamba mshahara wake umekatwa asilimia 40 na pensheni yake imefutwa, mahali pake pamewekwa kitu kidogo sana. Huyo ndiye shujaa wa dunia nzima.

Siku chache kabla hajasimama bungeni, Februari 12, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York. Walikufa watu 50, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake, hata hakuwa msafiri. Ndege ilitoa onyo kwamba inapoteza nguvu ya kuelea, na kapteni akavuta usukani badala ya kuusukuma. Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa ameanguka majaribio kadhaa ya urubani huko nyuma, na shirika lilikuwa halijui yote. Msaidizi wake, binti wa miaka 24 mwenye mshahara mdogo, alikuwa amesafiri usiku kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini. Familia za waliokufa zilisimama kidete. Sheria ikapita 2010, na tangu 2013 rubani wa abiria, hata msaidizi, anatakiwa awe na saa 1,500 za kuruka, isipokuwa waliopitia jeshi au vyuo fulani ambao hupunguziwa. Zamani msaidizi alianza na 250. Mapumziko nayo yakawekwa saa 10 kabla ya zamu, ili apate nafasi ya kulala 8.

Nitie neno langu hapa. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa tayari wamepita saa 1,500. Mimi nina cheti cha ushoni na ninajua wenye vyeti kama changu ambao sitawapa hata foronya. Saa ni nzuri, lakini mtu aliyechoka na mwenye njaa mikono yake haimtii, iwe ameshika usukani au mkasi.

Basi nikaweka simu chini, na hapo ndipo lilipokuja langu. Nimelificha miaka miwili.

Wengine mnakumbuka niliandika kwa furaha kwamba nimeunganisha duka langu na la mwenzangu wa Mwanakwerekwe. Yeye alikuwa na mafundi wanne, mimi watano. Ambalo sikuandika ni hili: niliwaweka wangu mbele. Mashela na nguo za shanga, ambazo fundi hulipwa vizuri kwa kila moja, niliwapa wasichana wangu. Wale wanne nikawapa sare za skuli na kukunja mapindo. Mmoja wao alikuwa na miaka 14 kwenye charahani. Mkono wake wa shanga sijauona kwa mwengine. Alikaa miezi mitatu, akakunja mapindo, hakusema kitu. Siku moja akaacha ufunguo juu ya meza akaenda. Nikasema, huyo ana kiburi.

Ile daku sikula vizuri. Dhulma unaposoma ya Marekani unaiona mara moja, ya kwako inakaa miaka miwili chini ya meza ya kukatia.

Jumamosi yake nilikwenda Fuoni kwake. Nilibeba tende na maneno niliyoyapanga njiani yakaniishia mlangoni. Nilimwambia tu: "Dada, nilikudhulumu, nimekuja kutaka radhi." Alinyamaza kwa muda. Akasema amenisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kwa heshima ya mwezi. Nikamwambia arudi, shanga zote ni zake. Akatikisa kichwa. Ana wateja wake sasa, wanamjia nyumbani, na watoto wake wanamuona. Alikubali kitu kimoja, nimpelekee kazi ya shanga huko huko na nimlipe kwa bei yake, si yangu. Bei yake ni kubwa. Nimekubali.

Ama bibi harusi wetu, sikumwambia aache wala aolewe. Nilimwambia amuulize kijana mambo mawili, kabla ya akdi na si baada: akiwekwa chini, nafaka itatoka wapi, na usiku ngapi kwa mwezi atalala nyumbani. Na wakikubaliana jambo, liandikwe. Marubani wenyewe wanaandika kila kitu mpaka saa za kulala, sisi tunaona haya kuandika nyumba ya kukaa. Shangazi aliniunga mkono kwa sauti mpaka jirani akachungulia.

Kijana alimjibu yote, kwa ujumbe mrefu. Bibi harusi alinionyesha sehemu tu, nyengine akaifunika kwa kidole. Orodha bado haijatoka. Ameomba likizo, wamemwambia asubiri.

Shela liko tayari. Mwili wa nguo umetiwa shanga Fuoni, na ukiliona utajua mkono si wangu. Pindo nimelipitisha uzi wa kushikizia tu, na kadi za mwaliko ziko kwa mchapaji, mahali pa tarehe pakiwa patupu.