Orodha Iliyofupika

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu Tanga ugonjwa wangu uliitwa amiba. Kila tumbo liliponisokota na choo kikatoka na damu na makamasi, nilipelekwa zahanati, nikapewa vidonge vya amiba, nikapata nafuu ya siku chache, kisha mambo yakarudi palepale. Safari nyingine kipimo kilisema taifodi, nikameza dawa za taifodi. Bibi naye alikuwa na jina lake, chango, na tiba yake ya mizizi ya kuchemsha iliyofuatana na miko: nisile pweza, nisile bamia, nisile chakula kilicholala. Simlaumu yeyote. Amiba wapo, taifodi ipo, na chango la Bibi lilikuwa na nafasi ya kila kinachouma chini ya kitovu. Lakini hayo yote ni maradhi ya kuja na kuondoka. Yangu yalikuwa yamehamia.

Jina lenyewe nililipata nikiwa tayari mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wawili. Wakati huo nilikuwa nimekonda hadi sketi za kazini nazishikiza kwa pini, na kwetu mtu akikonda huku anaharisha, watu hawasubiri daktari awaambie anaumwa nini. Nilipima virusi vya UKIMWI zaidi ya mara moja. Majibu yalikuja safi, ila minong'ono haisomi majibu. Hatimaye nikapewa rufaa ya Dar es Salaam. Huko waliniingiza kamera kwa njia ya haja kubwa, wakanyofoa vinyama vidogo vya utumbo, na kabla ya yote wakahakikisha si kifua kikuu cha utumbo. Kifua kikuu hicho na ugonjwa waliokuwa wakiushuku hufanana mno: yote huchimba vidonda, yote hupenda kukaa pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, na dawa inayotuliza moja yaweza kuliamsha lingine. Majibu yalipotimia daktari aliandika neno moja kwenye kadi yangu: Crohn.

"Ni jina la mtu, Mwalimu," aliniambia. Burrill Crohn alikuwa daktari wa hospitali ya Mount Sinai, New York. Mwaka 1932 yeye na wenzake, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, waliandika juu ya wagonjwa ambao utumbo wao ulivimba na kuwa mnene pasipo kifua kikuu wala kijidudu chochote kilichoonekana. Kinga ya mwili inapotea njia, inaugeukia utumbo ule ule iliopaswa kuulinda. Ugonjwa huu hauponi, akasema, lakini hutulizwa, na ukitulia mtu huishi na kufanya kazi zake.

Nilimuuliza swali ambalo baadaye nami nimeulizwa na kila mtu: kwani huu si ugonjwa wa wazungu? Akasema hata wao chuoni walifundishwa karibu hivyo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kukaa huko hadi miaka ya 1960, na Hugh Trowell aliyefanya kazi Mulago, waliona kwamba maradhi mengi ya tumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu Afrika Mashariki. Wakaona sababu ni chakula chetu cha nyuzinyuzi nyingi, na Burkitt aliporudi kwao akawa mhubiri wa pumba za nafaka dunia nzima. Hoja yao ilikuwa na mashiko. Ila kilichobaki vichwani mwa wengi ni kifupi kuliko hoja yenyewe: Mwafrika haugui haya. Ukiamini hivyo, mtu mweusi anayetoa damu chooni utamtibu amiba mpaka azeeke.

Dawa zilianza. Prednisoloni ilikausha damu upesi, ikanijaza uso, ikaninyima usingizi na kunipa njaa ya usiku wa manane. Baadaye nikapunguziwa kidogo kidogo na kubakizwa na sulfasalazini, vidonge vya rangi ya machungwa vinavyougeuza mkojo nao kuwa wa rangi hiyo, pamoja na vidonge vya foliki asidi kwa kuwa vile vya kwanza huuzuia mwili usiifaidi. Nilipenda kujua kwamba sulfasalazini iliasisiwa na mwanamke, Nanna Svartz wa Sweden, aliyekuwa akitafuta dawa ya viungo vinavyovimba, ikaja kuwafaa wenye matumbo.

Damu ilikoma lakini tumbo halikunyamaza. Gesi, kunguruma, kubanwa ghafla nikiwa katikati ya kipindi, nimeshika chaki. Nikaanza kuogopa chakula. Siku za kusimamia mitihani nilikuwa sili kabisa hadi jioni. Daktari alipogundua, akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari ya kuondoa vyakula kwa utaratibu na kuvirudisha kimoja kimoja.

Nilidhani nimerudishwa kwa Bibi. Pweza, bamia, kilicholala. Mtaalamu wa lishe, dada mdogo kuliko mimi, alinieleza kwamba kuna tofauti. Miko ya Bibi haina mwisho na haijaribiwi. Hii ina tarehe. Alifungua kalenda ya mezani, akahesabu wiki, akatia duara tarehe ambayo ningeanza kurudisha vyakula, nayo tukaipanga kabla hata hatujakubaliana nitaacha nini. Kukaa muda mrefu bila vyakula vingi, alisema, ni kujitafutia utapiamlo juu ya ugonjwa.

Alinipa na ushahidi, kwa kuwa alijua anazungumza na mwalimu. Mwaka 1993 madaktari wa mashariki mwa Uingereza walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wagonjwa wa Crohn. Kwanza waliwatuliza kwa chakula maalumu cha maji, ambacho baadhi walishindwa kukivumilia. Waliotulia wakagawanywa: kundi moja likapewa dawa za jamii ya prednisoloni, jingine likarudisha vyakula kimoja kimoja na kuacha vilivyowasumbua. Hili la pili lilikaa na nafuu karibu mara mbili ya lile la kwanza. Vilivyosumbua wengi vilikuwa nafaka, maziwa na hamira. Halafu akanieleza kazi ya Peter Gibson na Sue Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliotangaza mwaka 2005 mpango wa kupunguza sukari fulani zilizomo ndani ya vitunguu, ngano, jamii ya kunde na maziwa, ambazo zikifika utumbo mpana bila kumeng'enywa, bakteria huzichachua na kutoa gesi. Huo hutuliza kelele za tumbo, alisisitiza, hautibu uvimbe. Kwa hiyo dawa haziachwi.

Orodha ya kuacha ilikuwa ndefu: ngano, mahindi, maziwa, mayai, hamira, maharage, kunde, dengu, vitunguu vya aina zote, kabichi, embe, tikiti, pilipili. Nilibaki na wali, samaki, kuku, viazi, karoti, boga, muhogo na chumvi. Mtu wa mjini anayesoma hili asisahau bei. Maharage ndiyo nyama ya mwalimu. Ukiyatoa jikoni, nafasi yake inajazwa na samaki, na changu wa soko la Deep Sea hauzwi kwa bei ya kibaba cha maharage. Ilibidi nipike vyungu viwili, cha familia na changu, na cha kwangu kidogo ndicho kilichokula fedha.

Lakini kilichonielemea zaidi kilikuwa sinia. Kwetu mlo ni wa mikono mingi. Mama mkwe alikuwa hodari wa pilau, na kitunguu ndicho kinachoipa pilau rangi. Mara ya kwanza nilipokaa pembeni na kibakuli changu cha wali mweupe, alinitazama kwa muda mrefu.

"Mkwe wangu, mkono wangu una nini?"

"Mkono wako hauna neno, Mama. Ni maagizo ya daktari."

"Daktari amesema usile pilau?"

"Amesema nisile kitunguu kwa sasa, Mama."

Wifi yangu akadakia kwamba labda kuna kitoto njiani ndiyo maana nachagua vyakula. Wakacheka, nami nikacheka nao, maana mimba ilikuwa tetesi nzuri kuliko ile ya awali.

Ramadhani ilinikuta humo humo. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, nami nililisha maskini badala yake kama sheria inavyotaka. Ajabu ni kwamba mwezi ule niliona wazi ugumu wangu ulipo. Kujinyima si kitu kigeni kwetu. Watoto wa darasa la pili hushindana kufunga. Ila mfungo huo unabebwa na mji mzima: sote tunasikia njaa, sote tunasubiri adhana moja, sote tunafuturu tambi na kaimati. Wangu ulikuwa hauna adhana. Futari ilipoandaliwa, wenzangu ndipo walipofungulia, mimi ndipo nilipofunga.

Kwenye kaunta buku nilipiga mistari mitano: saa, chakula, tumbo, choo, usingizi. Mwishoni mwa wiki ya pili kurasa zilianza kufanana, na kufanana huko kulikuwa habari njema. Choo mara moja au mbili, hakuna kuamka usiku. Niliweza kufundisha vipindi viwili mfululizo bila kukaa karibu na mlango.

Hapo ndipo wengi hukwama, na nilimwona mmoja. Kliniki tulikuwa na mzee aliyeanza kabla yangu, akapata nafuu, akaogopa kurudisha chochote. Alikuwa akiishi kwa wali na chai ya rangi. Miguu ilimvimba kwa kukosa protini, na ilibidi alazwe ili aanze kula upya. Nafuu yenyewe ilikuwa imemfunga.

Tarehe ya duara ilipofika, nilianza na yai. Kijiko kimoja siku ya kwanza, nusu yai ya pili, yai zima ya tatu, kisha siku kadhaa za kurudi kwenye chakula cha msingi ili kuona. Yai likapita. Ugali wa sembe nao ukapita, na siku hiyo nyumba nzima ilikula nami. Dona lilinirudisha chooni mbio. Pumba zile zile alizozisifu Burkitt zilikuwa zinanikwaruza utumbo ambao bado ulikuwa mbichi. Maziwa ya chai yalinijaza gesi ndani ya saa mbili, lakini mtindi haukuninyanyasa, kwa sababu bakteria wake huwa wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Mtaalamu wangu alinipa moyo: watu wazima wengi duniani hawaiwezi sukari hiyo. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, hasa wa jamii za wafugaji, wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Mimi ni wa pwani, wa nazi na dagaa.

Kitunguu kilishindwa, na nilikililia. Ndipo nikafundishwa jambo ambalo limebadilisha jiko letu. Sukari inayosumbua kwenye kitunguu na kitunguu saumu huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Unaponda punje za kitunguu saumu, unazikaanga kwa moto mdogo mpaka mafuta yanukie na kingo zipate rangi ya dhahabu, unazitoa zote kwa kijiko chenye matundu, kisha ndiyo unatia kitoweo. Harufu inabaki, gesi inaondoka. Nilimpikia mama mkwe samaki wa nazi kwa mafuta hayo, na majani ya kijani ya kitunguu juu yake. Alikula kimya, akaomba aongezwe, ndipo akauliza vitunguu viko wapi. Tangu siku hiyo pilau yake hupikwa hivyo nikiwapo, na tunakula sinia moja.

Maharage yalirudi mwisho: kulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea na ya kuchemshia kumwagwa, na upawa mmoja tu. Wakati huo kipimo cha choo cha kalprotektini, kinachoonyesha uvimbe wa utumbo na ambacho hutakiwa kiwe chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, kilikuwa bado juu kidogo ingawa nilijisikia mzima. Daktari akarekebisha dozi. Kumbe tumbo lililonyamaza si lazima liwe tumbo lililotulia, na hilo chakula peke yake kisingeniambia.

Leo orodha yangu ya miko inajaa mstari mmoja: maziwa yasiyoganda, ngano nyingi, dona, vitunguu vyenyewe. Ugonjwa huamka mara moja moja, nikiamka nao narudi kwenye daftari na kwa daktari. Wagonjwa wapya wakisikia habari zangu hunipigia simu wakitaka niwatumie orodha hiyo, nami siwatumii, kwa kuwa ilitoka kwenye utumbo wangu na ugali wangu. Huwaambia wamwone daktari, wasiache dawa, wanunue daftari, na waandike tarehe ya kuanza kurudisha vyakula kabla hawajaandika cha kwanza cha kuacha.