Safari ya Mata: Tambarare Isikudanganye

Binti yangu alitandaza ramani mezani, akatembeza kidole kutoka Nairobi, Mtito Andei hadi Voi, kisha akakata kulia kuelekea Taveta. "Baba, mbona hakuna milima? Tutafika mapema!"

Ni kilomita 440 hivi, na nyingi ni nyoofu. Hapo ndipo penye hatari, msomaji. Barabara isiyo na kona humlevya dereva. Anakodolea macho mgongo wa lori, joto la Kibwezi linamshika kope, na abiria wote wamelala. Safari ya namna hii haipangwi kwa kilomita, hupangwa kwa saa.

Mwaka mmoja tuliondoka saa nne asubuhi (kisa na maana, nywele za mtu zilikuwa hazijamalizwa kusukwa). Giza lilitukuta tumepita Maktau, ambako barabara hukatiza Mbuga ya Tsavo Magharibi. Ndovu mwekundu kwa vumbi alisimama katikati ya lami. Nilizima injini. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa mpaka alipojiondokea mwenyewe.

Sasa tunang'oa nanga saa kumi na moja alfajiri. Tunanyoosha miguu Mtito Andei. Voi tunakula na kujaza tangi. Baada ya mashamba ya mkonge ya Mwatate, waonyeshe watoto reli ya zamani iliyo karibu na barabara. Jeshi la Uingereza lilianza kuijenga mwaka 1915 ili kuwafikia Wajerumani, waliokuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Mbele zaidi kuna kilima cha Salaita. Ni kidogo, lakini katika uwanda huu aliyekikalia aliona kila kitu. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa upande wa Waingereza walikishambulia wakafurushwa, na wengi wakafa.

Miaka ya tisini kipande hiki kilikuwa cha vumbi na mashimo. Leo kuna lami, na mguu wa dereva unazidi kuwa mzito. Wanyama hawajapunguza kuvuka.

Ukifika Taveta, shika njia ya kusini iendayo Ziwa Jipe, nawe utaingia Mata. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, imesimama milima ya Upare, ile binti yangu aliyoitafuta mezani. Kilimanjaro nao huonekana vyema asubuhi kabla ya mawingu. Basi lala huko usiku mmoja, na mtungi wa maji usiuache nyumbani.